Kucha za Mkono wa Kushoto

Kisahani kile cha mashindano bado kipo juu ya mtungi wangu wa maji. Ni cha mbao, kimezungushiwa ukanda wa chuma pembeni, na katikati kina kiduara cha shaba kilichokwisha rangi. Ukikiinua asubuhi kinakuwa na baridi ya mtungi, na kinanuka kutu na ubao uliolowa. Wiki iliyopita vijana wawili walikuja na pikipiki kutoka Kibondo mjini, wakaniambia wakubwa wanataka kukiweka kwenye kabati la kioo, maana marehemu alikuwa hazina ya wilaya. Nikawaambia hazina hiyo ilikuwa hai miaka yote na hakuna aliyeiletea hata kipande cha sabuni. Wakacheka, wakadhani bibi anatania. Nikawachotea maji ya mtungi huo huo, wakanywa, wakaenda zao. Sikuwa natania.

Marehemu ni shangazi yangu, Butoyi. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku, kati ya Kibondo na Kasulu, hamhitaji kuelezwa. Mpaka leo mtoto akirusha jiwe likavuka bonde, wenziwe wanapiga kelele, "Butoyi!" Mafundi wakirushiana matofali, lile linalopitiliza juu ya ukuta linaitwa Butoyi. Siku ya mazishi yake diwani alisimama akatueleza kwamba kisahani chake kule Kasulu kilitoboa bati la ofisi ya bwana shamba. Uongo mtupu. Kiliangukia kwenye majani, mimi nilikuwepo. Watu wakapiga makofi kaburini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Katika umati wote ule, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini bingwa huyo alirusha msimu mmoja tu.

Baba yangu, kaka yake Butoyi, alikwenda kukata mkonge Tanga nikiwa bado nanyonya. Mnakumbuka mambo hayo. Wanaume wa kwetu waliandikishwa, wakapewa blanketi, wakapandishwa treni Kigoma. Barua ya kwanza ilifika, ya pili mpaka leo ipo njiani. Mama alingoja, akachoka, akaolewa na mtu wa Kagerankanda, na huko hawakutaka mtoto wa mwanamume mwingine. Basi nikabaki kwa Bibi, mama yake baba, pamoja na huyo Butoyi, kitindamimba wa Bibi, aliyekuwa darasa la saba. Enzi zile darasa la saba lilikuwa na watu wazima wenye matiti na ndevu, msije mkafikiri alikuwa mtoto.

Nililala naye mkeka mmoja. Akienda kuchota maji nipo, akienda kuni nipo, akienda chooni nimesimama nje namwimbia ili ajue sijaondoka. Watu waliniita Mkia, nami nikaona ni jina zuri. Tulikuwa tumehamishwa karibuni, tukapangwa kando ya barabara kwa mistari, mlango unatazamana na mlango, kila mtu anajua jirani yake amepika nini. Katika kijiji kile kipya chenye watu wasiojuana, mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba huyu ni wangu.

Kurusha alijifunzia kwa nyani. Shamba letu la mahindi lilibaki kule kwetu kwa zamani, ukingoni mwa msitu, na nyani wa kule hawakuwa na adabu. Mwanamume akitokea wanakimbia; mwanamke akipiga kelele wanamtazama huku wanatafuna. Butoyi aliona dharau hiyo ikamuudhi. Akaokota mawe bapa ya mtoni, akawa anazunguka nusu mzunguko, mkono umenyooka, jiwe linatoka limelala, linakata hewa kwa mluzi. Dume mmoja mkubwa alipigwa la mgongo, akapiga yowe kama mtu. Tangu siku hiyo walikuwa wakiona gauni lake la kijani wanapanda mitini wote, na majike yao na watoto.

Siku moja mwalimu wa michezo, mtu wa kuja aliyepangiwa kwetu, alikuwa anapita na baiskeli, jiwe likavuka juu ya kofia yake. Akashuka. Butoyi akapiga magoti upesi, akapiga makofi taratibu ya heshima kama tunavyosalimia sisi, macho chini, anangoja viboko.

"Nani karusha?" Mwalimu akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe, nilikuwa na nyani."

"Nyani wako wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mwalimu akapima kwa macho, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Rusha tena," akasema.

Niwaambie pia kuhusu mkono wenyewe, maana bila hilo hamtanielewa. Butoyi ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza, Bukuru, wa kiume, alikufa hajamaliza wiki. Basi watu wakawa wanasema mkono ule wa kulia si wa msichana, ni wa Bukuru, kauacha kwa dada yake akaenda zake. Wao walikuwa wanasema kwa mzaha. Mimi niliamini kabisa kwamba shangazi ana mkono wake mmoja na mwingine ni wa baba mdogo marehemu. Asubuhi nikiamka niliushika nikausalimu peke yake: "Mwakeye, Bukuru?" Butoyi alikuwa akijibu kwa sauti nzito ya kiume, halafu tunacheka mpaka Bibi atugombeze.

Mashindano ya mkoa yalifanyika Kasulu. Tulipanda lori la maharage, wanafunzi juu ya magunia, nami nikajipenyeza humo kwa kung'ang'ania gauni lake. Watoto wa Kasulu walituzomea kwamba tumekuja na matope ya Kibondo miguuni, na kweli tulikuwa nayo. Butoyi alirusha peku. Sikumbuki wengine walirusha vipi. Nakumbuka yeye alitema mate mkononi, akajifuta kwenye gauni, akazunguka, na kisahani kikatoka na ule mluzi wa shambani. Yule bwana mpimaji akakimbia na utepe wake wa kupimia, akafika mahali akasimama, ameshika ncha, kisahani bado kipo mbele yake. Utepe umekwisha! Ikabidi waunge kamba ya katani. Loo, vigelegele vya siku ile! Hata waliotuzomea walipiga. Mama mmoja muuza ndizi alitupa sinia lake juu, ndizi zikatawanyika, wala hakuinama kuziokota.

Wakampa kile kisahani kiwe chake. Mwalimu, jasho linamtoka kana kwamba ndiye aliyerusha, akasimama juu ya lori akatutangazia: Butoyi amechaguliwa na mkoa. Baada ya wiki mbili lori litakuja kumchukua mpaka Kigoma, na Kigoma atapanda treni mpaka Dar es Salaam, kwenye mashindano ya taifa.

Treni. Tulivyokuwa tunarudi, yeye anaimba na wenzake, mimi nimekaa juu ya gunia nashika gauni lake kwa mikono miwili.

Kijijini ndiyo ikawa balaa. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alikuja kutupongeza, akala ugali wetu na maharage, akajifuta mawese midomoni, akasema, "Mkae mkijua huyu ndio basi. Akishaonja Dar huyu, arudi huku kufanya nini? Kaka yake karudi?"

Bibi akamwambia aache mdomo mchafu. Lakini hakusema kwamba si kweli. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni, nangoja aseme hivyo, hakusema. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na hesabu yangu ilikuwa fupi. Baba kapanda treni hakurudi, shangazi anapanda treni.

Nilimuuliza Butoyi mwenyewe. "Utarudi?"

"Nitarudi na gauni lako," akasema, anajifunga kilemba. Hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara.

Bibi alikuwa na hofu yake nyingine. Alisema mkono ulioonwa na macho yote yale ya Kasulu hauwezi kuachwa hivi hivi, hasada itaula. Akaenda kwa mganga ng'ambo ya mto, akarudi na dawa ya unga, nyeusi, kwenye kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Huo ulikuwa ndio utaratibu wa kwetu, mtu akienda mbali anachanjwa. Hata baba alichanjwa kabla ya kwenda Tanga, na Bibi mwenyewe alikuwa amechanja nusu ya vijana wa ukoo kwa mkono wake, wote wakapona bila hata usaha. Butoyi alikataa. "Mama, Mwalimu kasema mkono usiguswe."

"Mwalimu alikuzaa?"

"Hakunizaa, lakini—"

"Basi nyamaza."

Bibi akaniita, akanipa kibuyu nikichomeke darini. Alikuwa na tabia ya kunielezea mambo kama mtu mzima, Mungu amrehemu. "Unaona hii?" akasema. "Hii ndiyo itakayompeleka shangazi yako. Bila hii mkono utakataa, kisahani kitaanguka miguuni pake, watamrudisha kwa aibu."

Wenzangu, alinipa ufunguo mkononi. Bila hii mkono utakataa. Sikufikiria maumivu, sikufikiria ugonjwa. Nilifikiria tu kwamba mkono utakataa, Mwalimu atakasirika, lori litaondoka bila yeye, na sisi tutaendelea kwenda kuchota maji.

Siku ya pili yake Bibi alikwenda sokoni na Butoyi yuko mazoezini. Nikapanda juu ya kinu, nikakishusha kibuyu, nikamwaga dawa yote chini ya mgomba, nikaifukia kwa mguu. Lakini kibuyu kikiwa kitupu Bibi angejua, angeagiza nyingine. Nikaenda kwanza jikoni kuchukua majivu. Majivu yalikuwa meupe. Nimewaza sana juu ya weupe ule. Laiti tungekuwa tumepikia kuni nyingine, laiti yangekuwa meusi kidogo tu! Nikayaacha, nikaenda zizini kwa mbuzi. Pale chini, mavi na mkojo na vumbi vilikuwa vimekanyagwa mpaka vikawa vyeusi kabisa, vimekauka, vinafanana na dawa kama ndugu. Nikabandua kipande, nikakisaga kati ya mawe mawili, nikajaza kibuyu, nikaziba kwa gunzi, nikakirudisha. Nikanawa mikono. Nikaenda kucheza kombolela, nikashinda.

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka na wembe mpya, bado umo ndani ya karatasi yake, aliununua kwa Mwarabu. Katika hilo alikuwa msafi kuliko zahanati. Butoyi akasema tena hataki. Bibi akamlaza kwenye mkeka, akamkalia kifuani. Yule binti angeweza kumrusha Bibi mpaka kwa jirani, mnaelewa, lakini mtu hamsukumi mama yake. Akageuza uso ukutani. Bibi akamchanja begani mara tatu, kiwikoni mara tatu, kwenye kifundo cha mkono mara tatu, damu ikaja nyembamba, kisha akamimina unga ule akaupaka kwa kidole gumba, anasugua mpaka uingie, huku anawaita wazee waliokufa kwa majina yao mmoja mmoja.

Butoyi akageuza uso. Pua yake ikacheza. "Mama, dawa hii inanuka mbuzi."

"Dawa haisemwi," Bibi akamjibu, akaendelea kusugua.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilikuwa nahesabu kuku.

Siku ya tatu mkono ulikuwa wa moto. Bibi akasema dawa inaingia. Siku ya nne ulivimba, ngozi ikang'aa, harufu ikaanza. Siku ya tano vidole vilikuwa vimebadilika rangi na Butoyi alikuwa anasaga meno na kuongea peke yake. Mwalimu alipokuja kumuulizia akaingia ndani, akatoka anapiga kelele kama mwendawazimu. "Mmeufanya nini huu mkono? Nyie watu! Mmeufanya nini?" Wanaume wakafunga machela, wakambeba mpaka barabarani, wakasimamisha lori linaloelekea Kasulu, kwenye hospitali ya misheni. Mimi nilikimbia nyuma yao mpaka lori likanipiga vumbi.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia hata padri. Lori la kwenda Kigoma lilipokuja kumchukua, wiki iliyofuata, dereva akapiga honi, hakutoka mtu, akaondoka. Na mimi nilifurahi. Nilirukaruka nyuma ya nyumba. Nilijua anaumwa, lakini watu huumwa wakapona, nami nilikuwa nimeshinda treni.

Alirudi mvua zimekwisha kuanza. Nilimwona kwa mbali anashuka kwenye lori, nikakimbia na matope, nikaupeleka mkono wangu kwenye mkono wake wa kulia kama siku zote. Nikashika nguo. Sweta la misheni, mkono wa sweta mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nilitazama juu, nikamuuliza kwa sauti ambayo nyumba zote za mstari ule zilisikia, "Bukuru kaenda wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. Halafu akasema, "Nibebee furushi langu."

Watu hawakukosa la kusema. Wiki ya kwanza walisema Bukuru kaja kuchukua mkono wake. Wiki ya pili wakaona hilo halina utamu, wakamgeukia Bibi. Kamla mkono mwanawe! Kwa nini yeye ndiye aliyechanja? Kwa nini alimkalia? Na kile kibuyu, Bibi mwenyewe alipokitoa darini mbele ya wazee ili waione dawa iliyobaki, kilikutwa kimeoshwa safi, hata harufu hakina. Yule jirani mwenye mdomo akapiga makofi. "Mnaona? Mchawi huosha vyombo vyake!"

Nani aliyekiosha? Nililala nikiwaza, nikaamka nimepata jibu: Mungu. Mungu amekiosha kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni mtoto, na katekista alitufundisha kwamba anawapenda watoto. Nikasali kumshukuru. Bibi alikuwa anageuzageuza kibuyu mikononi, anasema, "Lakini wote niliowachanja walipona. Wote walipona." Alisema hivyo mpaka ikawa kama wimbo. Kisimani wanawake waliinua ndoo zao akipita. Hakuna aliyekuja tena kuomba moto kwetu. Watoto walikatazwa kula kwetu hata muhogo wa kuchoma. Alikaa misimu miwili ya kupanda, akafa, na kaburi lake lilichimbwa na wanaume watatu, mmoja wao Mwalimu. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na nilikaa kimya. Butoyi naye hakusema neno, hakulia. Nilidhani machozi yake yameishia hospitali.

Umaarufu wake haukufa, hapana, ndiyo kwanza ulinenepa. Kila mwaka siku ya michezo mwalimu mkuu alituma mtu aje kumchukua, wamkalishe mbele na wageni. "Huyu ndiye Butoyi, watoto! Simameni mumwone!" Watoto wanasimama, wanatazama shavu la mkono uliobaki, wanatazama pini. Nyuma ya mgongo walimwita Nusu. Mwaka mmoja mgeni fulani kutoka wilayani, ameshiba, akasema bingwa afungue michezo kwa kurusha, hata kwa kushoto, si ni bingwa? Uwanja mzima ukaanza kuimba jina lake. Butoyi akasimama. Akatema mate mkononi, akajifuta kwenye kanga. Akazunguka, lakini mwili bila mkono wa kulia haukujua pa kuegemea; kisahani kikamponyoka, kikaviringika kama kifuniko cha sufuria, kikasimama karibu na miguu ya mgeni. Uwanja ukaangua kicheko. Na mimi, ili nisionekane kwamba mimi ndiye mtoto wa nyumba ile, nilicheka kuliko wote. Aligeuka akaniona mdomo ukiwa wazi. Katika watu mia kadhaa, alinitazama mimi.

Tulivyofika nyumbani akaweka kisahani juu ya mtungi. "Hapa ndipo kitakaa," akasema. "Kalete wembe. Leo Jumamosi."

Wembe ulikuwa wa kucha. Mtu mwenye mkono mmoja anaweza kulima, anaweza kupika, hata kumenya muhogo ataubana kwa magoti. Butoyi aliyaweza yote hayo. Kitu kimoja hakiwezekani kabisa: kukata kucha za mkono uliobaki. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa kwenye kizingiti, ananiwekea mkono wa kushoto mapajani, nakata kidole kwa kidole. Majirani wengine, baada ya miaka kupita na Bibi kusahauliwa, walijitolea kunipumzisha. Hakukubali. "Mwacheni huyu," alikuwa akisema. "Huyu ndiye anayejua." Nilijisikia fahari. Nilijiambia angalau nalipa kidogo kidogo, yeye hajui, na Mungu anahesabu.

Nilifaulu darasa la saba. Jina likabandikwa, shule ya bweni, Tabora, kwa treni. Nilimsomea barua. Akasema, "Nenda, mama. Elimu ni nzuri." Halafu akanyoosha vidole vitano mbele yangu, akavitazama. "Jumamosi utakuwa unakuja?" Barua niliiwashia moto. Baadaye nikaolewa na mtu wa Kasulu aliyekubali kuhamia kwetu. Alivumilia, akachoka, akaniaga vizuri kabisa. Alisema nyumba hii ina mwenyewe na si mimi. Sikuzaa. Tulizeeka, wanawake wawili na mtungi, na nje watoto wakirushiana mawe, "Butoyi! Butoyi!" Yeye alikuwa akisikia hivyo anatabasamu kidogo, upande mmoja.

Mwezi uliopita alilala, hakuinuka tena kutoka kitandani. Jumamosi ya mwisho, saa nne asubuhi, jua limeingia mlangoni, nilikuwa nakata kidole cha shahada nikashindwa. Nikaweka wembe chini. Nikapiga magoti kwenye sakafu, mzee mzima na magoti yangu haya, nikamwambia yote: kibuyu, mgomba, majivu, zizi la mbuzi. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nikamwambia nilitaka tu asiondoke.

Alingoja nimalize. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, shangazi?"

"Nilijua. Siku ile ya tano, nyie mko nje mnafunga machela, akili ikanirudia kidogo, nikajikokota nikakishusha kibuyu kwa huu mkono. Nikamimina. Nikakuta vidonge vya mbuzi vizima viwili. Hata kusaga hukusaga vizuri, mvivu wewe." Akapumua. "Nikakiosha kwa maji ya mtungi, nikakirudisha."

"Ni wewe uliyekiosha?"

"Ulidhani nani?"

"Na Bibi?" nikauliza. "Bibi walimuita mchawi. Alikufa anaitwa mchawi!"

"Nilimwambia sitaki. Alinikalia kifuani." Alisema kwa sauti ile ile ambayo mtu anaombea chumvi.

"Mbona hukunisema, shangazi? Miaka yote hii, mbona hukunisema?"

Akageuza kichwa juu ya mto akanitazama, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku aliposhuka kwenye lori. Ndipo nikajua kwamba mahali pa kuweka mzigo alikuwa amekwisha kupaona siku ile ile, njiani, kwenye matope.

"Ningekusema wangekuchapa wiki nzima," akasema. "Ungelia, ungepona, ungekua, ungeenda zako Tabora. Mimi ningebaki na nani?" Akanyoosha mkono, akauweka mapajani kwangu. "Umebakiza kidole gumba."

Nikakata. Nikamkwaruza kidogo. Alikufa siku ya Jumanne.

Vijana wa pikipiki wamesema watarudi na barua yenye muhuri. Waje, wakichukue kisahani chao, nitafunika mtungi kwa sahani ya bati. Leo ni Jumamosi. Nimetoka nimekaa kizingitini na wembe, bila kuwaza, mpaka nilipojikuta nimeinamisha kichwa nangoja mkono wa mtu. Nje wanarusha mawe, wanaita jina lake. Nimekata kucha zangu mwenyewe, za kushoto, halafu nikahamishia wembe mkono wa pili, nikakata za kulia.